Jiko la mkaa chumbani usiku

Dada, umeuliza kama unaweza kulala na jiko la mkaa chumbani kwa baridi hii ya Njombe, maadamu moshi umeisha na makaa yamekolea. Usithubutu. Makaa mekundu yasiyo na moshi bado yanatoa kaboni monoksaidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na aliyelala hashtuki. Kuacha dirisha wazi kidogo hakutoshi. Oteni moto nje jioni, kisha mlale na blanketi la ziada na chupa ya maji ya moto. Watu wakiumwa kichwa na kichefuchefu karibu na jiko, tokeni nje kwanza, halafu hospitali, msisingizie malaria. Majivu nayo, mwaga kwenye debe la bati. Mimi niliyadhani yamezimika. Asubuhi nikakuta ndoo ya plastiki imetoboka.