Dada yangu ananiita mwoga

Mwanangu,

Unasema tangu mshahara upunguzwe na uhamie chumba cha kodi nafuu, usiku unasukuma meza mlangoni na kushtuka kila unaposikia hatua nje. Dada yako naye anaishi peke yake, lakini analala fofofo na anakuambia umekuwa mwoga. Je, ni kweli?

Si kweli. Dada yako amelipia usingizi wake. Ana mlinzi getini na taa za nje, na akichelewa kazini teksi inamfikisha mlangoni. Akiibiwa simu atanunua nyingine. Wewe ukiibiwa simu, na vibarua unavyoitiwa kwa simu hiyo vimekwenda. Mlango ukivunjwa, pesa ya fundi itatoka kwenye chakula, na kuhama tena huwezi. Mwaka 1990 mtaalamu wa uhalifu Martin Killias alieleza kwamba hofu hii ina mizizi mitatu: hatari yenyewe, kukosa namna ya kujikinga, na uzito wa madhara yatakayofuata. Kipato kinagusa yote matatu. Inaniuma kuona wanawake wakiulaumu moyo wao wakati kilichopungua ni pesa.

Kuna jambo hukuliandika, nami nalitaja kwa sababu najua lipo. Mwanamke akisikia kitasa kinatikiswa usiku, hahofii vyombo vyake tu, anaogopa kubakwa. Ndiyo maana nakataa wanaosema wanawake wanaogopa bure eti kwa kuwa mitaani wanaume ndio hushambuliwa zaidi. Na hapo hata dada yako hajasalimika, kwani wengi wanaowadhuru wanawake ni watu wanaowafahamu, na geti halimzuii mtu aliyekaribishwa.

Kwa hiyo anza na funguo. Nani mwingine anao? Mpangaji aliyetangulia huenda hakurudisha wote. Mwombe mwenye nyumba abadilishe kitasa, na akisuasua, omba ruhusa ukibadilishe mwenyewe na gharama aikate kwenye kodi, mwandikiane. Tia komeo imara ndani. Meza iondoe: moto ukizuka, itakuzuia kutoka. Tafuta jirani mmoja unayemwamini, mkubaliane kwamba mmoja akipiga simu usiku, mwenzake atapokea. Na ikitokea mmevunjiwa, tengeneza mlango siku hiyohiyo hata kwa kukopa, maana nyumba iliyovunjwa mara moja huwa katika hatari kubwa zaidi ya kuvunjwa tena wiki zinazofuata.

Usingizi ukigoma hata baada ya hayo, muone daktari.

Dada yako mwonyeshe barua hii. Usimwombe akuelewe kwanza, mwombe pesa ya kitasa. Anayo, na kwa jinsi ulivyomweleza, anakupenda. Akishalipa, mkaribishe alale kwako usiku mmoja, halafu mzungumze tena kuhusu uoga.

Shangazi