Mchoro wa wino na penseli kwenye fremu: usiugusishe na kioo

Mkuu, umeuliza kama huo mchoro wa Rory Gallagher, yule mpiga gitaa wa Ireland, ulioununua, wa wino na penseli, uutie kwenye fremu ulivyo au uupulizie dawa ya kushika penseli kwanza. Nilishamchora huyohuyo nikaharibu, kwa hiyo nakujibu kwa uchungu kidogo.

Kilichonivuta ni gitaa lake kuliko sura. Ile Fender Stratocaster, gitaa la umeme la 1961, aliyoinunua mjini Cork, Ireland, mwaka 1963, ilibanduka rangi karibu yote, mbao ikabaki wazi. Mbao niliichora kwa penseli laini, nikiisugua kwa kidole, na vipande vya rangi vilivyosalia nikavijaza wino mweusi. Nywele pia wino, tena wa kalamu ya kawaida tu. Fundi wa fremu akaibana karatasi moja kwa moja kwenye kioo, nikaitundika mkabala na dirisha.

Baadaye nilipoifungua, shavu la Rory lilikuwa limehamia kwenye kioo: alama ya kijivu, hadi mikunjo ya jicho inaonekana. Nywele zilikuwa za kahawia. Penseli yenyewe haikupauka hata kidogo. Penseli haiogopi mwanga, inaogopa kuguswa. Wino wa bei rahisi ni kinyume chake.

Kwa hiyo weka kadi nene isiyo na asidi, iliyokatwa dirisha katikati, ili kioo kikae mbali na karatasi. Chagua kioo halisi. Cha plastiki ukikifuta kinavuta vumbi, na penseli laini ni vumbi tu. Usibandike karatasi yote mgongoni! Ishikize juu tu, kwa vipande viwili vya karatasi nyepesi na gundi ya wanga, maana karatasi hutanuka na kunywea kulingana na unyevu, na ukiibana kote itajikunja.

Dawa ya kupulizia mimi ningeiacha. Ikishakaa haitoki, hutia giza sehemu za penseli, na kuna wino unaotawanyika ukiipata. Anayechora mwenyewe anaweza kuijaribu kwenye karatasi ya pembeni kwanza. Wewe huna hiyo karatasi.

Na ukutani, mbali na jua. Hizo nywele za kwako ni wino au penseli? Kama ni wino, ningeanza na hilo la ukuta leo, fremu ifuate.