Nyama, mizizi au moto? Majibu ya maswali yenu kuhusu chakula na ubongo wa binadamu

Muuza nyama choma wa mtaani kwetu anasema nyama ndiyo iliyompa binadamu akili. Ni kweli au anatafuta wateja? (Kijenge, Arusha)

Vyote viwili. Ubongo wa mtu mzima una karibu kilo 1.4, kama asilimia 2 ya mwili, lakini mwili ukiwa umepumzika, ubongo unatumia asilimia 20 hivi ya nishati yako. Kiungo chenye njaa namna hiyo hakilishwi kwa majani. Mwaka 1995 watafiti Leslie Aiello na Peter Wheeler walitoa hoja kwamba chakula chenye nishati nyingi na chepesi kusagika, hasa nyama, kiliruhusu utumbo upungue, na nishati iliyookolewa ikaenda kichwani. Hoja inapendeza. Ila mwaka 2011 vipimo vya aina 100 za mamalia havikuonyesha kwamba wenye ubongo mkubwa ndio wenye utumbo mdogo.

Kinachosahauliwa ni mafuta. Bonde la Olduvai lina mifupa ya wanyama ya miaka milioni 1.8 iliyopita yenye alama za kukatwa kwa mawe, na mingine ilipasuliwa kutolewa uboho. Swala wa kiangazi hana mafuta ya maana mwilini, na protini ikizidi takriban theluthi moja ya nishati ya siku, ini la binadamu linaelemewa. Anayekula mnofu mtupu kwa wiki kadhaa hukonda, kisha huugua. Kwa maoni yetu, uboho ulikuwa na thamani kuliko mnofu.

Wanafunzi wangu waliuliza: meno makubwa ya Zinj yalikuwa ya kula nini? (Mwalimu, Karatu)

Nyasi na mafunjo kwa wingi, mwalimu. Kwa wasiomjua, Zinj ni ndugu wa kale wa binadamu, aliyepatikana Olduvai. Kaboni iliyobaki kwenye meno ya jamii yake inaonyesha hivyo. Fuvu lake, alilolipata Mary Leakey Julai 17, 1959, lina ukingo wa mfupa utosini ambapo misuli mizito ya kutafunia ilijishikiza. Ubongo wake ulikuwa kama sentimita za ujazo 500. Homo habilis, binadamu wa kale wa bonde hilohilo, alivuka 600, na wetu ni karibu 1,350. Wasimcheke lakini: jamii yake iliishi takriban miaka milioni moja.

Je, si moto wa kupikia ndio uliofanya kazi kubwa zaidi? (Majengo, Moshi)

Ndivyo anavyoshikilia mtafiti Richard Wrangham, na upande wa lishe hoja yake ina nguvu. Chembe za wanga zikipata maji na joto la nyuzi 60 hadi 80 huvimba na kupasuka, vimeng'enya vya tumbo, yaani viini vinavyovunja chakula, vikapata njia. Kiazi kibichi hupita na wanga wake mwingi bila kuguswa. Huko Ujerumani, kati ya wanawake wa chini ya miaka 45 waliokuwa wakila karibu vyakula vibichi tu, kama asilimia 30 hedhi yao ilivurugika au ilikoma kabisa.

Shida ni tarehe. Ushahidi mzuri wa moto, ule wa pango la Wonderwerk nchini Afrika Kusini, ni wa miaka milioni 1 iliyopita, na wakati huo ubongo wa Homo erectus, binadamu wa kale aliyekuja baada ya Homo habilis, ulikuwa umekwisha kukua muda mrefu. Sisi tunaona jiwe lilitangulia jiko. Mwaka 2016 watafiti walipima watu wakitafuna mizizi na nyama ya mbuzi. Ikiwa nyama ni theluthi ya chakula, kuikata vipande na kuponda mizizi kwa mawe tu hupunguza kutafuna kwa asilimia 17.

Kwa wapikaji wa Arusha: mita 1,400 juu ya bahari maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, ndiyo maana maharage yenu huchelewa kuiva kuliko ya Tanga. Yaloweke usiku kucha, mwaga maji, kisha yatokote kwa nguvu dakika 10 za mwanzo. Moto wa polepole pekee hauvunji sumu iliyomo.

Wahadzabe wanakula nyama pori tu? (Mto wa Mbu)

Hapana. Mizizi, asali, ubuyu na matunda madogo ya porini huchukua sehemu kubwa. Hata jeni zinalisema hilo: utafiti wa 2007 ulikuta Wahadzabe wana nakala nyingi za jeni ya kimeng'enya cha mate kinachovunja wanga kuliko majirani zao Wadatoga, wafugaji wa maziwa na nyama.

Supu ya kichwa cha mbuzi huongeza akili? (Himo)

Hapana. Inashibisha.

Mwanangu ana miezi 10. Nimlishe nini ubongo ukue vizuri? (Mama, Machame)

Mama, tumbo lake ni dogo na ubongo wake unadai nishati nyingi, kwa hiyo uji mwepesi unaotiririka kijikoni haumtoshi. Mpe milo 3 hadi 4 kwa siku pamoja na maziwa yako, na kitu kidogo katikati akihitaji. Uji mzito ukimshinda kumeza, tumia kimea cha ulezi, kilekile cha mbege: epua uji, uache upoe hadi uvuguvugu, koroga kijiko kimoja cha chai cha unga wa kimea, subiri dakika chache utalainika bila kuongeza maji, kisha urudishe jikoni uchemke tena. Ukikitia kwenye uji unaotokota, vimeng'enya hufa na uji unabaki mzito.

Ongeza dagaa waliosagwa laini au ini, kwa ajili ya madini ya chuma, na usimpe chai, maana huzuia chuma kufyonzwa. Chumvi ya familia iwe yenye madini joto, kwa kuwa udongo wa milimani una upungufu wake. Ifunike, iweke mbali na jiko na jua, itie chakula kikikaribia kuiva. Na kimea chenye ukungu kitupe, usikianike upya.