Resi inagoma kushuka

SWALI: Fundi habari za kazi. Nina gari ya zamani ya manyo, nikiachia mafuta resi inabaki juu, juzi natoka Moshi kwenda Arusha nusura nimvae mtu wa bodaboda. Shida nini?

JIBU: Nzuri ndugu yangu, pole. Anza na kapeti, usicheke, wengi pedeli inanasa hapo tu. Kama iko sawa zima gari, fungua boneti, chomoa waya wa mafuta, ule unaotoka kwenye pedeli, pale kwenye throtoli, yaani mlango wa hewa ya injini, zungusha throtoli kwa mkono: ikirudi yenyewe tak, basi mbovu ni waya, nyuzi zimekatikia ndani ya ganda au umeshika kutu, badilisha, hayo mambo ya kuupaka oili ni kujidanganya. Ikirudi kwa kusuasua ni masizi au springi imechoka, toa bomba la hewa ufute kile kisahani cha ndani ya throtoli kwa dawa ya kusafishia throtoli na kitambaa, hasa ukingoni ndo panaganda. Na ikikunasia barabarani kanyaga breki kwa nguvu mara moja, usipampu maana busta, ile inayoongezea breki nguvu, inaishiwa, weka nyutro, ukishasimama pembeni ndo uzime, ukichomoa funguo gari inatembea usukani unaweza kujiloki.