Askari wastaafu wanauliza: pensheni iliyokata, mirathi na "fedha za KAR"

Nimejibu maswali manne kutoka Kigoma na Tabora. Mengine yaliyobaki yanafanana na haya.

Nilistaafu JWTZ, naishi Urambo. Pensheni haijaingia benki miezi miwili. Nianzie wapi?

Shikamoo mzee. Usianzie PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, wengi wamepoteza nauli huko. Mfuko ule uliundwa 2018 kwa kuunganisha mifuko minne ya zamani (PSPF, LAPF, GEPF na PPF), nao ni wa watumishi wanaochangia. Pensheni ya askari wa JWTZ hulipwa na Hazina, kwa hiyo nenda Hazina Ndogo, yaani ofisi yake ya mkoa, Tabora mjini.

Ninachohisi ni uhakiki. Hazina huwaita wastaafu wake wahakikiwe, na asiyejitokeza husimamishiwa malipo. Tangazo likipita wakati uko shambani na tumbaku, unalijulia benki. Chukua kitambulisho cha pensheni, cha NIDA, hati ya kuachishwa jeshi na taarifa ya akaunti. Kama jeshini uliandikwa jina moja na NIDA jingine, pata kwanza kiapo cha majina, la sivyo utarudishwa. Pitia benki pia, huenda ni akaunti tu iliyolala.

Mume wangu, mwanajeshi mstaafu, amefariki. Shemeji anasema mafao yatasimamiwa na upande wao tu. Kadi ya benki ninayo mimi. Mjane, Ujiji.

Pole sana mama. Hiyo kadi iache. Pensheni inayoingia baada ya kifo itadaiwa irudishwe, na wewe ndiye utakayeulizwa. Toa taarifa ya kifo Hazina Ndogo, kisha ufuatilie cheti cha kifo kwa msajili wa wilaya.

Sasa shemeji. Kikao cha ukoo hupendekeza, anayeteua msimamizi wa mirathi ni mahakama. Mjane anaweza kuomba, na anaweza kupinga jina lililopendekezwa. Kama mirathi itafuata sheria ya Kiislamu au mila, fungua Mahakama ya Mwanzo ukiwa na muhtasari wa kikao na cheti cha kifo. Kama mlifunga ndoa kanisani na maisha yenu yalifuata Ukristo, uliza kwanza Mahakama ya Wilaya. Na hata shemeji akiteuliwa, usimamizi haumfanyi mwenye mali: anakusanya, anagawa kwa warithi, kisha anarudi mahakamani na hesabu. Wapo wasimamizi wanaodhani wamepewa urithi wenyewe, na familia zinanyamaza kwa aibu. Usinyamaze. Kwa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, wasaidizi wa kisheria huhudumia wasio na uwezo bila malipo. Ofisi ya ustawi wa jamii itakuelekeza waliko.

Nilikuwa mgambo, nikapelekwa Vita vya Kagera 1978. Sina pensheni. Kasulu.

Mzee wangu, nitasema wazi hata kama inauma: pensheni hufuata ajira ya jeshi, na mgambo hakuwa ameajiriwa. Muone mshauri wa mgambo wa wilaya, ambaye ni mwanajeshi, akuangalizie kama baadaye uliandikishwa jeshini na ukapewa namba. Kama hukupewa, haki iliyobaki ni ya uzee. Sera ya Wazee ya 2003 inamtambua mwenye miaka 60 na kuendelea, na asiye na uwezo hutibiwa bure. Anzia serikali ya kijiji ili uingie kwenye orodha.

Babu alikuwa askari wa KAR, jeshi la Waingereza la wakati wa ukoloni. Kuna mtu hapa Nguruka anachangisha hela za fomu, eti Uingereza inalipa wajukuu.

Msimpe hata mia. Ipo jumuiya ya Royal Commonwealth Ex-Services League, iliyoanza 1921, inayosaidia askari waliotumikia Uingereza kabla ya uhuru na wajane wao walio na shida. Ule ni msaada kwa walio hai. Si fidia ya kurithiwa na wajukuu.

Nadhani tetesi hizi hazifi kwa sababu malipo ya namna hiyo yaliwahi kutokea kweli. Mwaka 1964 Ujerumani Magharibi iliamua kuwalipa wazee wa Kiafrika waliokuwa askari wa Wajerumani katika vita ya 1914–1918. Inasimuliwa kwamba waliofika Mwanza bila hati walipewa ufagio washike kama bunduki, wakaamrishwa gwaride kwa Kijerumani, na hakuna aliyekosea. Lakini hata wale walilipwa wenyewe, wala hawakuuziwa fomu.

Akiwatumia ujumbe wa kuomba pesa kwa simu, utumeni pamoja na namba yake kwenda 15040, kisha mpelekeeni taarifa mtendaji wa kijiji.