Sayari inakimbia jua lake: tatizo ni mpangilio wa mistari miwili

Mkuu, nimeupitia msimbo wako. Unasema sayari inazunguka jua, lakini kila mzunguko ni mpana kuliko uliotangulia mpaka inatoka kwenye skrini. Umepunguza hatua ya muda, bado inatoka, na sasa unafikiria kuhamia injini ya fizikia iliyokwisha tengenezwa au kujifunza Runge-Kutta, njia nyingine ya kukokotoa mwendo hatua kwa hatua. Usihame. Kanuni ya Newton umeiandika vizuri kabisa. Tatizo liko hapa, baada ya kukokotoa mchapuko (dt ni hatua ya muda):

mahali = mahali + kasi * dt
kasi = kasi + mchapuko * dt

Igeuze. Badilisha kasi kwanza, halafu sogeza sayari kwa kasi hiyo mpya:

kasi = kasi + mchapuko * dt
mahali = mahali + kasi * dt

Endesha tena, obiti itajifunga.

Ulivyoandika mwanzo ni njia ya Euler, ya karne ya 18. Inachukulia kwamba hatua nzima sayari inakwenda mstari ulionyooka kwa kasi iliyokuwa nayo mwanzoni mwa hatua. Sasa, mstari ulionyooka unaogusa duara huishia nje ya duara, hauishii ndani hata siku moja. Kwa hiyo kila hatua sayari inawekwa nje kidogo ya pale ilipotakiwa kuwa, na kosa linarudiwa upande uleule. Ukipunguza dt unalichelewesha tu.

Tarakimu zinaonyesha vizuri zaidi kwenye springi kwa sababu hesabu yake ni fupi. Kitu kilichofungwa kwenye springi kikitikisika kwa radiani 10 kwa sekunde, na wewe ukaendesha hatua 60 kwa sekunde, njia ile ya kwanza huzidisha nishati kwa 1 + (10/60)², yaani karibu 1.028, kila hatua. Ni kidogo ukiitazama hivyo, ila sekunde moja ikipita nishati imeshazidi mara tano. Ongeza hadi hatua 120 kwa sekunde, bado itazidi mara mbili kila sekunde. Ukigeuza mistari, nishati inapanda na kushuka kidogo kuzunguka thamani yake ileile bila kukimbia, mradi radiani kwa sekunde ukizidisha kwa dt zibaki chini ya 2. Ukivuka hapo springi inalipuka, haijalishi umepanga mistari vipi.

Kitu cha kwanza ninachoandika kwenye mradi wowote wa namna hii, hata kabla ya kuchora duara moja kwenye skrini, ni mstari unaochapisha jumla ya nishati: ya mwendo na ya uvutano pamoja. Macho yanadanganyika kirahisi sana. Obiti inaweza kuonekana nzuri kwa mizunguko kadhaa huku nishati inapanda taratibu. Kama una miili mingi, chapisha na jumla ya momenta (masi mara kasi) pia. Hiyo inakamata kosa ambalo wengi hawalioni: kuusogeza mwili wa kwanza, halafu kukokotoa kani ya mwili wa pili kwa kutumia mahali papya pa ule wa kwanza. Kani za kila jozi haziwi tena sawa na kinyume, momenta inavuja, na mfumo mzima unaanza kuteleza upande mmoja bila sababu. Kokotoa michapuko yote kwanza, ndipo usogeze miili yote.

Vipimo navyo. Ukitumia mita na kilo kwa jua na sayari utapata namba zenye sifuri nyingi, na kukosea sifuri moja ni rahisi. Tumia umbali wa dunia na jua kama kipimo kimoja cha urefu, na mwaka kama kipimo cha muda. Hapo G, ile namba ya uvutano kwenye kanuni ya Newton, ikizidishwa kwa masi ya jua ni 4π², karibu 39.5. Weka sayari kwenye umbali 1, ipe kasi 2π kuelekea pembeni, na baada ya muda 1 inatakiwa iwe imerudi ilipoanzia. Jaribio hilo halihitaji picha yoyote.

Kuhusu Runge-Kutta ya daraja la nne: kwa safari fupi ni sahihi sana, sibishi. Lakini inakokotoa kani mara nne kila hatua, na kwenye obiti ndefu nishati yake huteleza polepole upande mmoja. Kwa sayari mimi ningekwenda kwa Verlet. Loup Verlet aliitumia mwaka 1967 kuigiza atomu 864 za argoni, na inahitaji kani mara moja tu kwa hatua. Ukishaelewa mistari miwili ya hapo juu, Verlet ni hatua fupi: kasi unaibadilisha kwa nusu ya dt, unasogeza mahali, unakokotoa mchapuko upya, unamalizia nusu iliyobaki.

Jambo moja litakushangaza. Obiti ya duaradufu itakaa na ukubwa wake, lakini duaradufu yenyewe inaweza kugeuka taratibu kuzunguka jua. Usikimbilie kusema umeiona ile tabia ya obiti ya Utaridi kugeuka, zile sekunde 43 za tao (vipande vidogo vya digrii) kwa karne alizozieleza Einstein mwaka 1915. Hiyo ni dt yako. Ipunguze, mgeuko nao utapungua.

Nimeona pia dt unaichukua kutoka muda wa fremu. Acha hiyo. Njia hizi zinatunza nishati vizuri pale dt isipobadilika, na muda wa fremu hurukaruka. Weka dt isiyobadilika, limbikiza muda uliopita tangu fremu iliyotangulia, kisha piga hatua kadiri limbikizo linavyotosha. Kinachobaki kisubiri fremu ijayo. Limbikizo uliwekee kikomo, la sivyo kompyuta ikizidiwa itadaiwa hatua nyingi kuliko inavyoweza kupiga na programu itaganda.

Kimondo chako kinachorushwa mbali kikipita karibu na jua ni suala jingine: umbali unakaribia sifuri, kani inakuwa kubwa mno kwa hatua moja. Ongeza namba ndogo kwenye umbali uliopigwa kipeo cha pili kabla ya kugawa. Usahihi wa karibu kabisa na jua utaupoteza, ila hakitarushwa tena ovyo.

Na injini? Box2D, kwa mfano, yenyewe inabadilisha kasi kwanza ndipo mahali, na kani ya uvutano kati ya sayari ungelazimika kuiandika mwenyewe vilevile. Faida yake ni migongano, na sayari zako hazigongani. Geuza mistari, halafu bandika hapa nishati ya mwanzo na ya baada ya mizunguko mia moja tuitazame.