Mpeleke mama na mikeka yake
Dada, umeuliza kama mama anaweza kupeleka mikeka kwenye usiku wa sanaa wa kila mwezi, au ni wa wachoraji tu. Mpeleke! Edward Saidi Tingatinga, yule mchoraji wa Tanzania, naye alianza na vitu vya kawaida tu: alichora juu ya vibao vya ujenzi, akauza Oysterbay, Dar es Salaam, na leo dunia nzima inamjua.

Ila asipeleke mikeka iliyokamilika peke yake. Aende na ukindu, yale majani ya kusukia, uliotiwa rangi, akae asuke palepale. Mtu akiuona ukili, ule ukanda unaosukwa, unavyorefuka kidogo kidogo, na bado haujashonwa kuwa mkeka, anaelewa bei bila kubishana. Bei ziandikwe wazi. Na mchukulie taa nzuri, maana gizani zambarau na nyeusi hazitofautiani kabisa.